Mtalii wa Picha ya Ndege

Kisarawe,
Jumapili, 9 Februari 2025

Mwanangu mpenzi Shamsia,

Pokea salamu zangu wewe pamoja na mumeo Zubeir. Huku sote wazima. Mguu wangu wa kushoto unauma mvua ikikaribia na unaacha mvua ikipita, kwa hiyo nao ni mzima, una kazi yake tu. Kuku wametotoa. Jirani yangu Maulida hajambo, anakusalimu, na salamu zake usizijibu kwa urefu.

Utaniuliza kwa nini barua wakati simu uliyoninunulia ipo. Simu ni nzuri, mwanangu, watu wote wameiona, nilihakikisha. Lakini sauti yake ni ya kipaza cha msikitini. Nikisema "haloo" Maulida anaitikia kule kwake. Basi simu itabaki ya salamu, na maneno mazito Latifu atayabeba kwenye tenga lake la mihogo anapokwenda kuuza Kibaha. Mimi darasa la saba nililimaliza, tena kwa mwandiko ambao mwalimu aliuonyesha darasa zima.

Haya. Nimefurahi mmehama Tabora. Kule mbali mno, mtu akipiga chafya habari hufika hapa mafua yameshapona. Sasa mko mjini Kibaha, mumeo fundi umeme kiwandani Kwala, wewe daktari. Usinirekebishe. Anayepima damu za watu ni daktari. Wenzangu wa kikundi cha ngoma nimewaambia nyumba yenu ina marumaru mpaka ukutani. Niandikie mapazia ni ya rangi gani. Si kwa sababu yoyote, nataka kujua tu. Mimi nilisema ya zambarau.

Kuhusu kuja kwenu sisemi kitu. Mimi si mtu wa kujialika. Mlango ni wenu, na mkwe wangu ana miguu miwili, naijua vizuri kwa sababu siku ya harusi hakutazama kitu kingine. Mkumbushe pia kwamba Wanyamwezi wenzake ni watani zetu sisi Wazaramo tangu enzi za misafara. Alipofariki babu yako, mtani mmoja wa Tabora alinyakua jogoo wetu mbele ya waombolezaji, na hatukumpata mpaka tulipokwenda kumkomboa kwa kifurushi cha korosho. Watani hawaogopani.

Ni mimi niliyekuzaa, nikakulea, na sidai chochote,
Mwamini binti Bilali


Picha ya Ndege, Kibaha,
2 Machi 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini marahaba yako itafika kabla ya Idi, maana barua yako Latifu aliisahau chini ya mihogo na imenifikia na udongo wake. Sisi wazima. Funga njema, na pole ya mguu.

Mapazia ni ya kijani. Marumaru yapo bafuni tu, mama, tena yameishia magotini. Tafadhali usiseme zaidi ya hapo.

Habari kubwa ni kwamba Zubeir ameamua kila Jumapili tuzuru kivutio kimoja cha mji wetu mpya. Anasema mtu hawezi kulala katika mji asioujua. Mimi nilidhani usingizi ndio unaotosha. Tulianza na hapa hapa. Kila abiria hushuka "Picha ya Ndege", basi tukaitafuta hiyo picha. Mzee mmoja akasema ilikuwapo, mwingine akasema mwenzake anaota. Tukamuuliza Jenifa, anayeuza chipsi kituoni. Akajibu, "Dada, miaka yote niko hapa, ndege niliyemwona ni kuku, naye yuko kwenye mafuta."

Jumapili iliyofuata tukaenda Ruvu kuutazama mto. Zubeir akavua viatu, akaingia majini, akasema, "Mke wangu, haya ndiyo maji wanayokunywa watu wa Dar." Nikamwambia basi atoe miguu.

Karibu sana kwetu mama, wakati wowote. Zubeir anakusalimu kwa heshima zote.

Mwanao,
Shamsia


Kisarawe,
6 Aprili 2025

Binti yangu mtalii,

Marahaba. Huku wazima. Idi ilikuwa njema. Nilipika pilau, nikatenga sahani mbili, nikazifunika kawa, nikakaa barazani mpaka alasiri. Zililiwa na watoto wa Maulida, wakasema ni tamu. Sikushangaa, nilipika mimi.

Mchele wa Tabora na lile dumu la asali nimevipata usiku wa kuamkia Idi, Mungu awaongeze. Alileta Latifu. Nikampa soda akakataa, mtu mzima yule mwenye watoto watatu, akawa anageuka geuka kuutazama mkorosho wa pale njiani kama vile kafunga ng'ombe wa wizi. Apimwe huyo, daktari upo.

Nimesoma habari za mto. Hongereni. Kumbe maji yapo Ruvu! Na sisi tuliokuwa tukiyachota tangu tuzaliwe hatukujua kama ni kivutio.

Sasa lile neno lako, "karibu wakati wowote". Mwanangu, wakati wowote huambiwa mwuza samaki. Wewe ni mtoto wa Kizaramo, au Tabora walikufundisha kusahau? Mama haingii nyumba ya bintiye mpaka mkwe aje mwenyewe, kwa miguu yake, asimame mlangoni aseme, "Mama, nimekuja kukufuata, twende." Baba yako, Mungu amrehemu, alimfuata bibi yako Maneromango kwa baiskeli, akamkalisha nyuma juu ya mto wa kitandani. Bibi yako alilisimulia jambo hilo mpaka anakufa. Mto huo nusura azikwe nao.

Mimi sisemi kwamba nataka kufuatwa. Naeleza historia.

Maulida mkwewe alikuja kumchukua wiki iliyopita. Amerudi jana na bado anasimulia friji. Mimi nikasema friji lenu lina milango miwili. Lina mingapi?

Mama yako anayejua kungoja,
Mwamini


Picha ya Ndege,
25 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Barua yako imechelewa kwa sababu pikipiki ya Latifu ilivunjika Kiluvya na mihogo ikauzwa huko huko, barua ikabaki mfukoni. Sisi wazima. Friji lina mlango mmoja, na huo mmoja hujifungua wenyewe.

Tumeendelea kutembea. Mwezi wa nne tulikwenda kuuona Mwenge wa Uhuru ukiwashwa hapa Kibaha. Watu walikuwa wengi mno, mimi niliuona moshi, Zubeir aliona kichwa cha mtu mrefu kutoka Mlandizi. Halafu akanipeleka Kwala kwenye bandari kavu, kunionyesha makontena. Mekundu, ya bluu, ya kijani, yamepangwa kama viberiti. Akaniuliza, "Umeona?" Nikasema nimeona. Akasema, "Na upande ule yapo mengine." Mama, mume wangu ni mtu mwema.

Jumapili iliyopita tulitembelea msitu wa Kazimzumbwi. Tumeona pango la popo, na kile kilima ambacho ukisimama juu unaiona Dar yote. Popo ni wengi sana na wananuka. Najua msitu huo uko karibu na nyumbani. Jua lilikuwa linakaribia kuzama na Zubeir alikuwa na zamu ya asubuhi, ndiyo maana.

Lile la kufuatwa nimelisoma. Nitalisema kwa wakati wake. Anakusalimu, kwa heshima zote.

Shamsia


Kisarawe,
1 Juni 2025

Shamsia binti yangu,

Marahaba. Wazima. Kuku wazima. Popo nao wazima, wanakusalimu.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakaa. Nikaisoma tena. Mmetoka Kibaha, mmevuka Kiluvya, mmeingia Kisarawe, mmelipa kiingilio, mkaenda kutazama popo. Popo! Hapa kwangu wapo bure kwenye mkorosho, hawana tiketi, na baada ya kuwatazama ungepewa chai. Ndio kusema mimi sina mabawa? Ningening'inia kichwa chini mngepita?

Na hizo heshima zote anazonitumia mkwe wangu kila barua, mwambie nimezipokea, sina pa kuziweka tena.

Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Sikiliza. Jumamosi tarehe 12 Julai kuna tamasha la ngoma na vyakula vya asili hapa uwanjani. Kikundi chetu kitacheza mdundiko na mimi niko mbele, si kwa kujipendekeza, ni kwa sababu aliye nyuma yangu hajui kugeuka. Uwanja si nyumba. Hakuna mlango, hakuna kizingiti, hakuna mila inayovunjwa. Ninyi ni watu wa vivutio, basi njooni mnitazame. Mkwe atanisalimia mbele ya watu, atasema anakuja kunifuata siku fulani, na mambo yatakwisha. Sikuombi. Nakupa ratiba.

Mama yako, kivutio cha asili,
Mwamini


Kisarawe,
13 Julai 2025

Shamsia,

Leo salamu sina.

Nimecheza jana kama sijawahi kucheza, hilo hata Maulida amelikubali. Nilipomaliza nikawaona chini ya turubai, mumeo na kofia yake ya kiua, msafi, nikasema moyoni, huyu ndiye. Nikanyoosha mkono nikaita, "Mkwe wangu!" kwa sauti ya kusikika, maana watu walikuwapo. Mkwe wangu akashtuka kama aliyeona nyati. Akakimbilia nyuma ya gari la spika.

Nikadhani hakunitambua. Nikazunguka kulia. Naye akazunguka. Nikageuka kushoto. Naye akageuka. Mara tatu, mimi na njuga zangu za kiunoni zinalia, yeye na kofia kaishika. Watu wakapiga makofi wakidhani ni igizo. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Kikundi hiki kimejiandaa!" Halafu mkwe wangu akaruka uzio.

Maulida akaniuliza, polepole, kwa ule upole wake, "Bi Mwamini, huyo ndiye mkwe uliyetuambia ulilala kwake mwezi wa nne?"

Swali hilo sikulijibu jana na silijibu hapa.

Kama mumeo ananionea haya, aseme. Mimi ni mkulima wa mihogo, kiganja changu kigumu, simu yangu ina makelele, lakini sijawahi kukimbiwa. Nyumba hiyo hata nikifuatwa kwa gari la harusi sasa sijui kama nitaingia. Usinijibu.

Mwamini


Picha ya Ndege,
20 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Umesema nisijibu, kwa hiyo hili si jibu, ni taarifa.

Zubeir hakuonei haya. Anakuheshimu, mama, na hilo ndilo balaa lenyewe. Yeye kalelewa na bibi yake kijijini huko Tabora, na kwa malezi ya bibi yule mama mkwe hatazamwi usoni. Hashikwi mkono. Ukimwona anakuja njiani unamwachia njia, unaingia porini, hata kama pori ni la upupu. Kijana anayemkabili mama mkwe na kumtazama ni sawa na aliyemtukana. Ndiyo maana siku ya harusi alitazama miguu. Na juzi pale uwanjani, kila ulivyomsogelea ndivyo alivyozidi kukuheshimu. Ulipozunguka mara ya tatu heshima ilimzidi, akaruka uzio. Amechana suruali, hajalalamika.

Mchele na asali hakuleta Latifu. Alileta Zubeir mwenyewe, kabeba begani toka stendi mpaka pale kwenye mkorosho, ndipo akamwomba Latifu amalizie. Ule wakati unampa Latifu soda, mkweo alikuwa nyuma ya mti anachungulia kama umefurahi. Alirudi ananiambia, "Amecheka, nimemsikia."

Na siku ya popo tulifika, mama. Tulisimama pale pale kwenye mkorosho. Akaniambia, "Ingia wewe, mimi nitasubiri." Nikakataa kuingia kwa mama yangu peke yangu kama mjane na mume nimemwacha mtini. Tukanuniana mpaka Kiluvya. Hizi Jumapili zote za vivutio, kila safari anasogea kidogo kwenu, halafu anageuza.

Sikukwambia kwa sababu alinisihi, na kwa sababu nilijua utacheka. Nilipomweleza kwamba kwetu mkwe lazima amfuate mama mlangoni, hakula siku hiyo. Kwao mama mkwe huja mwenyewe akijisikia, na mkwe hutoka kwa mlango wa nyuma. Kila jioni ananiuliza, "Mbona mama haji? Nimemkosea nini?"

Sasa mimi nifanye nini? Wewe unangoja aje, yeye anangoja uje, na mimi katikati nahesabu makontena.

Shamsia wako


Kisarawe,
3 Agosti 2025

Mwanangu Shamsia,

Marahaba, na ile uliyokosa mwezi uliopita hii hapa, marahaba. Wazima. Mguu mzima kabisa, mvua haina dalili.

Nimecheka. Nimecheka mpaka Maulida akaja kuuliza kuna nini, nikamwambia nasoma barua ya serikali. Halafu alipoondoka nikakumbuka lile gunia begani kutoka stendi mpaka mkorosho, kwenye kile kilima chetu, nikaacha kucheka.

Kumbe heshima mbili zikikutana kwenye mlango mmoja hakuna anayepita. Mila yangu siwezi kuivunja, mama yangu na bibi yangu wananitazama. Yake naye siwezi kumwambia aivunje, ana bibi yake anamtazama. Mabibi wote hao wamekufa na bado wanatukalia njiani.

Basi fungua masikio. Jumamosi hii tarehe 9 nakuja Kibaha. Siji kwenu. Sijafuatwa, sijaalikwa, kwenu sikujui. Nakuja kama mtalii, kuiona Picha ya Ndege. Nitakaa kwa Jenifa wa chipsi nimtafute huyo ndege mpaka saa kumi. Akitokea mtu kunifuata, namna ya kuja ni juu yake, mimi sikusema aje kwa upande gani. Asipotokea, nitarudi na gari la saa kumi, na Kibaha sitaikanyaga tena hata Mwenge uwashwe mara saba.

Wewe usitoke jikoni. Hili haliwahusu wanawake wenye maabara.

Mtalii,
Mwamini binti Bilali


Kisarawe,
17 Agosti 2025

Mwanangu mpenzi Shamsia,

Nimefika salama, wazima, na kikundi kizima cha ngoma kinakusalimu kwa sababu kimeshasimuliwa mara nne. Nakuandikia na wewe, maana ulikuwa jikoni hukuona, na mumeo hawezi kukusimulia kwa kuwa naye hakuona kitu.

Nilikaa kwa Jenifa tangu saa sita. Akaniuliza, "Mama, unasubiri gari?" Nikamjibu, "Natafuta ndege wa kwenye picha." Akaweka mwiko chini. "Hata wewe, mama?" Saa saba. Saa nane. Saa tisa nikaanza kufunga kapu langu, Jenifa akanipa chipsi bila kuniuliza, na mtu akikupa chipsi bila kukuuliza ujue sura yako imeshasema. Nilikuwa nimekwisha kuuliza gari la kurudi.

Ndipo nikaona mgongo unakuja.

Mgongo, mwanangu. Unatoka ule upande wa kwenu, unakuja kinyumenyume kando ya barabara, umenyooka, shati limepigwa pasi vizuri mgongoni kuliko kifuani, kofia ya kiua juu. Unapapasa njia kwa kisigino. Umekwepa dimbwi kwa bahati, umepiga beseni la nyanya, ukasema "samahani" kwa upande usio na mtu. Bodaboda mmoja akapiga kelele, "Oya braza, unarudi rivasi bila taa?" Watu wakatoka madukani. Mgongo haukusimama. Ukafika mbele yangu, ukatulia.

Ukasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kukufuata. Twende nyumbani."

Mwanangu, maneno yale nimeyangoja tangu Februari. Nikajua nikimjibu kama mkwe nitalia mbele ya chipsi za watu. Nikamjibu kama mtani. Nikasema, "Mnyamwezi wee! Kwenu mnatembea hivi wote, au wewe fundi alikukosea kichwa?"

Jenifa akashika mdomo. Halafu nikaona mabega yanacheka. Naye, bila kugeuka, akasema, "Wazaramo hamtazamwi usoni. Mtu akiwatazama tu mnaanza ngoma."

Nikampa kapu. Akalipokea kwa nyuma. Kurudi kwenu ndiyo akatembea kama binadamu, maana sasa alikuwa ananitangulia na mgongo ulikuwa wangu vile vile, mila yake haikuguswa. Mpaka mlangoni tulitukanana. Anajua matusi mazuri ya utani huyo kijana, kumbe ulimi anao! Na pale mezani mnakumbuka, yeye kala nje, mimi ndani, mlango wazi, tukisemana mpaka magharibi. Sijawahi kushiba vile.

Mapazia kweli ya kijani. Wenzangu nimewaambia mmebadilisha. Marumaru nimewaambia bado yanakua. Maulida akajaribu kuleta friji lake, nikamkata. Nikamwambia, "Maulida, wako alikufuata na uso. Uso kila mtu anao. Mimi mkwe wangu amenipa mgongo, Picha ya Ndege nzima imesimama kushuhudia." Alikwenda kuanika nguo, na nguo zilikuwa zimekauka.

Najua mnatafuta ile kofia. Msisumbue kabati. Alipoinama kunipitishia kapu dirishani mwa gari siku ya kurudi, niliinyakua. Ninayo hapa, nimeivalisha mtungi wa maji, imeupendeza. Simpi Latifu airudishe. Mkwe hana haki ya kuidai, lakini mtani anajua sheria, kilichonyakuliwa hukombolewa kwa mnyakuzi, mlangoni kwake, na korosho zisikose. Pilau nitafunika sahani mbili.

Ila mwambie njia ya kwetu baada ya mkorosho ina makorongo. Safari hii aje na uso mbele.

Mama yenu wote wawili,
Mwamini binti Bilali